Tanki Lisilokoroma

Jumatatu, 7 Septemba 1981

Mzee wa chumba namba nne amefariki saa tano asubuhi. Mtu wa Kongowe, alijikata na shoka mguuni. Pepopunda. Nilikuwa koridoni na spana mkononi. Mtu akavuta mnyororo wa choo upande wa pili wa ukuta, na lile tanki la chuma lililo juu karibu na dari likanguruma, likamwaga, mwisho likakoroma kama kawaida yake. Mle chumba namba nne mzee akakakamaa kama ubao. Sista Zubeda alikimbia. Hakuwahi.

Sisemi tanki ndilo lililomuua. Daktari naye hakusema. Lakini wagonjwa hawa kelele yoyote huwakaza misuli, hata mlango, hata kikombe kikianguka. Na tanki limefungwa ukuta uleule wanaoelekezea vichwa. Mimi ndiye fundi bomba wa hospitali hii. Kwa hiyo ni tanki langu.

Sista kaniambia bila ukali, na hilo ndilo lililoniuma: Fundi Hemedi, kama huwezi kulinyamazisha, choo kifungwe. Kikifungwa, wodi nzima itazunguka hadi vyoo vya shimo nyuma ya jiko. Kipindupindu cha juzijuzi hatujakisahau. Nikamwambia nipe mwezi mmoja. Nimetoa wapi huo mwezi, sijui.

Alhamisi, 10 Septemba

Nimepima. Tanki likihamia ukuta wa nje, chini ya dirisha, kelele nusu itabaki nje. Lakini nafasi ni shubiri mbili tu kwenda juu, na unene usizidi shubiri moja. Hakuna tanki dogo kiasi hicho. Na shida si tanki lenyewe, ni utumbo wake: saifoni, lile bomba lililopinda kama goti. Ukivuta mnyororo maji yanapanda goti mara moja, yakishavuka mengine yanayafuata yenyewe mpaka tanki linakauka. Mwishoni linanyonya hewa, ndipo linapokoroma. Nataka goti fupi. Nataka lisikorome. Basi.

Bohari: hakuna. Shaba hakuna. Spea za Ulaya labda mwakani. Mtunza bohari siku hizi hata hakuachi umalize kusema.

Nimejaribu kupinda bomba la plastiki kwa mchanga wa moto. Limebonyea kwenye goti, maji hayapiti. La pili limeungua. Sina la tatu.

Jumamosi, 12 Septemba

Mwinyimadi, fundi bati wa pale Sofu, kanitengenezea saifoni ya bati, kwa lehemu ya kubahatisha. Inavuja sehemu tatu. Na kelele! Bati linapiga kama debe. Mwinyimadi kacheka mpaka akakaa chini, eti hii nipeleke ngomani. Mimi sikucheka.

Chumba namba nne kimepata mtu mwingine. Sikuzani, mwanamke wa Dutumi, umri kama wa mdogo wangu. Jembe lilimpata kidole cha mguu, akapaka majivu. Taya zimekaza. Mama yake amekaa mlangoni ameziba masikio yake mwenyewe, nadhani anadhani inasaidia.

Jumapili, 13 Septemba

Nilikuwa nakunywa maji ya mtungini, nikauangalia ule mtungi. Udongo haupigi kelele. Udongo unapindika ukiwa mbichi, hautaki shaba, hautaki bohari.

Kisha nikakumbuka nani aliyeufinyanga, nikaweka kata chini. Mama mkwe. Bi Mwanaamina wa Kisarawe. Hakuna mwingine ninayemjua anayeweza kufinyanga kitu cha namna hii kikatoka kizima.

Mke wangu Biasha bado ana uzazi wa siku ishirini, hawezi kwenda kunisemea. Nitakwenda mwenyewe. Nitamwambiaje?

Jumamosi, 19 Septemba

Nimetoka Kisarawe. Sijui nianzie wapi.

Nilifika saa nne. Mama mkwe alikuwa uani, mikono udongo mpaka viwikoni. Nikaketi pembeni ya mkeka, uso nimeuelekeza kwenye banda la kuku, kama inavyotakiwa. Shikamoo mama. Marahaba baba, Biasha hajambo, na mtoto? Hawajambo. Miaka kumi na moja nimemwoa binti yake, na sijawahi hata siku moja kuuliza kwake msala uko wapi. Nikibanwa huaga kwamba nakwenda kumsalimia jirani. Leo nianze kumtajia choo? Kwa ulimi upi?

Nikachora mchangani. Nikasema nataka bomba la udongo lililopinda hivi, lipitishe maji mengi kwa mara moja, bila kelele. Akauliza la kazi gani. Nikasema la watu wengi, la kujitoharishia. Nilijiona nimesema kweli kwa adabu.

Akauliza: la msikitini, baba? La kutilia udhu?

Nikasema ndiyo.

Akafuta mikono. Uso wake ulibadilika, nilimwona hata kwa pembeni. Akasema basi malipo hataki kuyasikia. Hii itakuwa sadaka ya marehemu mume wake, Mzee Mwinyijuma. Kila atakayetia udhu, thawabu zimfikie kaburini. Atafinyanga matano, kwa sababu kwenye goti mengine yatapasuka, na atafinyanga akiwa na udhu.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa na nafasi nzuri tu. Nikasema Mungu akulipe mama.

Halafu akaniambia mdomo nimeuchora vibaya. Mtungi wenye mdomo uliokatwa sawasawa hukoroma maji yakikaribia kwisha, kwa sababu hewa inaingia yote kwa pamoja. Akachukua kipande cha udongo, akakikata mshazari kwa uzi. Hivi, akasema, inaingia kidogokidogo. Mimi nimesomea ufundi miaka miwili Dar es Salaam, na hili sikufundishwa. Amelijibu lile lililonishinda wiki nzima, na mimi nimemlipa uongo.

Jumanne, 22 Septemba

Sikuzani alikakamaa mara nne leo. Mara mbili ni kwa sababu ya tanki. Nimefunga valvu ya maji, watu wamwage kwa ndoo. Ndoo nayo inagonga sakafu. Sista kaniuliza bomba limefikia wapi. Nimesema linakauka kivulini. Hilo angalau ni kweli.

Jumamosi, 26 Septemba

Nimemweleza Biasha. Sikutaka, ila aliniuliza mbona mama ametuma salamu akiuliza ni msikiti gani huo wa Kibaha, wauombee dua. Mama amewaambia wanawake wenzake wa madrasa. Wote wanajua.

Biasha hakupiga kelele. Alimweka mtoto kifuani, akasema: Mama hachimbi udongo kabla hajapiga bismillahi. Chungu chake kikitumika kuoshea miguu tu, anakivunja. Wewe umemfinyangisha choo. Kisha akageukia ukutani. Ningekuwa mtu mwingine ningejicheka, mwanaume wa miaka thelathini na nane ameshindwa kutamka neno la herufi nne.

Jumamosi, 3 Oktoba

Kisarawe tena. Nilikwenda nimekata shauri la kusema. Naapa nilikuwa nimekata shauri, njia nzima kwenye lori nilikuwa nayapanga maneno.

Manne yamepasuka motoni. Moja limetoka zima. Jekundu, laini, amelisugua kwa jiwe mpaka linang'aa, na chini ya mdomo ameweka alama yake ya kucha, ile ya mitungi yote ya nyumbani kwetu. Alilifunga kwa kanga yake mwenyewe. Mikono ilikuwa na malengelenge ya moto. Akasema, hili moja ndilo Mungu alilolichagua.

Nimelipokea kwa mikono miwili. Nimelipakata mapajani kutoka Kisarawe mpaka Kibaha.

Jumatatu, 5 Oktoba

Nimelifunga. Mwinyimadi alishona tanki la bati, dogo, shubiri mbili juu, shubiri moja unene, kwa ndani nimelipaka lami lisipige debe. Kifuniko hakuna, bati limekwisha, kwa hiyo ukiingia unaliona bomba lilivyokaa. Kisahani cha kusukumia maji nimekikata kwenye mpira wa tyubu ya lori.

Saa nane nikavuta.

Maji yakapanda, yakavuka, yakaenda. Yote. Nikasubiri kukoroma. Hakuna. Nikadhani limegoma, nikachungulia: tanki tupu, linajaa upya taratibu. Nikavuta tena, na tena. Sista Zubeda alikuwa chumba namba nne, akatoka akaniuliza, fundi, utajaribu saa ngapi?

Nilikuwa nimeshavuta mara sita.

Alinishika mkono, machozi yanamlenga. Nami yalinilenga, ila si kwa sababu yake.

Jumanne, 6 Oktoba

Sikuzani amelala mchana wote. Watu wameingia chooni na kutoka, hakushtuka hata mara moja. Mganga Mkuu amekuja kuangalia, akasema ubunifu wa aina hii ndio nchi inaouhitaji, akauliza nani kabuni. Sista akasema fundi Hemedi. Sikumtaja mama mkwe. Uongo wa pili huo sasa.

Jumatano, 7 Oktoba

Biasha ameleta shauri. Litoe, akasema, lisafishe, ulipeleke kwenye msikiti wa hapa Sofu, wamefungiwa tanki la maji uani. Uongo wako utakuwa kweli, na mama hatajua.

Nilifurahi kwa muda wa kuvaa viatu tu. Nikakumbuka. Kitu kilichokwishakaa chooni siku tatu, nikipeleke watu wakatilie udhu? Hata nikikiosha mara saba, mimi nitakayeswali pale nitajua. Na mama yake Sikuzani amekaa mlangoni, siku hizi hatii tena vidole masikioni. Nikilitoa, narudisha lile dubwana la chuma. Biasha akasikiliza yote. Akasema, basi umejifungia pande zote mbili.

Ndivyo ilivyo.

Alhamisi, 8 Oktoba

Idi ya kuchinja. Nimeswali safu ya nyuma. Imamu akataja wanaotoa sadaka kwa ajili ya marehemu wao. Sikuweza kuitikia amina.

Jumamosi, 10 Oktoba

Mama mkwe anajua kusoma, alisomea kisomo cha watu wazima, cheti chake amekitundika sebuleni. Kwa hiyo barua. Barua haina uso, haikai kwenye mkeka.

Ya kwanza: "Mama, naomba radhi, lile bomba nililiweka..." Nimechana. Ya pili nimeandika "mahali pa haja". Nimechana. Ya tatu nimeandika hali halisi yote, choo, Sikuzani, mzee wa Kongowe, yote. Nimeisoma. Ilikuwa barua nzuri. Nikaona mikono yake yenye malengelenge inaishika, nikaichana vipande vidogo zaidi ya zile nyingine.

Niliyompa dereva wa lori hatimaye ina mistari miwili. Bomba linafanya kazi vizuri sana. Watu wanakuombea dua.

Hata hiyo ya dua ni kweli. Mama yake Sikuzani anamwombea kila siku aliyelifinyanga, hajui jina lake. Mimi ndiye ninayelijua.

Jumatano, 14 Oktoba

Sikuzani amekunywa uji. Kijiko chembamba kimepita kati ya meno. Wodi nzima wamefurahi. Mimi nimekaa karakana, nimesema naumwa kichwa.

Jumamosi, 17 Oktoba

Naandika kwenye benchi la koridoni, kwa penseli ya Sista. Nisipoandika sijui nitafanya nini.

Saa nne na nusu niliitwa, una mgeni. Mama mkwe. Amevaa kanga mpya, ametoka Kisarawe alfajiri kwa lori la mkaa, akaenda nyumbani akamkosa Biasha, amepeleka mtoto kliniki, jirani akamwelekeza huku. Shikamoo mama. Marahaba baba. Akasema barua imemfikia, na amekuja kuliona. Anataka aswali adhuhuri hapo msikitini, atie udhu kwa maji ya lile bomba, amsomee marehemu.

Nikasema karibu mama, pumzika kwanza. Kupumzika! Ndilo neno nililolipata.

Akaketi. Nami nikaketi mbali, uso ukutani. Nikaanza: mama, kuna neno. Akasema sema baba. Nikasema lile bomba. Akasema ehe. Na hapo nilikuwa nalo mdomoni, Mungu shahidi, neno lenyewe lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini Sista Zubeda akatokea, akamwamkia kwa heshima, akamwona anavyokaa kwa taabu kama mtu aliyesafiri kwa saa tano juu ya magunia. Akamwinamia akamnong'oneza. Mama mkwe akanitazama upesi, akaona haya, akasimama. Akajifunika kanga vizuri. Sista akamshika mkono, akasema kwa sauti ya furaha kabisa: twende mama, tunacho kizuri, cha huyu mwanao mwenyewe.

Wamenipita hapa, mbele ya magoti yangu. Nilipaswa kusimama. Sikusimama.

Sista amerudi peke yake. Mlango umefungwa kwa ndani. Ni muda sasa. Kwa haja ya kawaida angekuwa ameshatoka. Natega sikio. Kama amevuta, siwezi kujua, halisikiki. Kama hakuvuta, kama amesimama tu mbele ya tanki lisilo na kifuniko anaangalia alama ya kucha zake, hilo nalo halisikiki.

Chumba namba nne Sikuzani amelala. Sista amepita tena na trei ya dawa. Kaniuliza, mama bado yumo? Nimemwambia bado.