Yetu Mbili

Ayacucho, 9 Julai

Mpendwa Shangazi Zenaida,

Natumaini baridi ya huku haijakufuata Lima. Viazi tumeshavianika nje usiku vigandishwe na jalidi, na koti ulilonishonea ndilo nililovaa Jumanne nilipohutubia kijiji cha Pukawasi.

Mkuu wangu wa kazi kwenye kampuni ya mgodi alitaka wanakijiji watie saini kwamba wamekubali maji ya chemchemi yao yapelekwe mgodini. Kwa wiki mbili alinisimamisha mbele ya kioo. "Watazame machoni, kijana. Usisome karatasi. Waambie 'maji yetu' kwa Kikechua, watalainika wenyewe."

Shangazi, nilisimama mbele yao bila karatasi. Ulinifundisha kwamba lugha yetu ina "yetu" mbili. Nilitakiwa kusema yakunchik, maji yetu sote, sisi na ninyi. Kinywa kikatoa yakuyku, maji yetu sisi, ninyi hamumo.

Wengine wakaanza kucheka. Bibi mmoja, Mama Fortunata, akapaza sauti: "Msimcheke, jamani! Tangu watu wa mgodi waanze kutujia na makoti yao, huyu ndiye wa kwanza kusema kweli."

Hakuna aliyetia saini.

Garini mkuu akaniambia, "Wiki mbili za kioo, halafu unanimaliza kwa neno moja!" Ameniagiza kesho nirudi nikalisahihishe mbele yao, la sivyo kazi sina.

Nimemwandikia kwamba ulimi uliteleza. Lakini wewe unajua kwamba tangu utotoni sijawahi kuyachanganya maneno hayo mawili.

Nimesimama mbele ya kioo tangu asubuhi. Neno analolitaka halitoki.

Mpwa wako mwoga,
Edilberto