Aliyeketi Kichwani pa Mfalme

Neiafu, Vavaʻu
3 Juni

Kwa Katibu wa Chama cha Wasomaji wa *Milki ya Ukungu*, Auckland, ambaye pia ni binti wa marehemu kaka yangu.

Mpendwa Meleane,

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini u mzima. Huku hatujambo, isipokuwa goti langu.

Madhumuni ya barua hii ni kuomba nadharia yangu iingizwe katika daftari la chama kabla halijafungwa tarehe mosi Septemba, siku kitakapotoka kitabu cha mwisho cha riwaya yetu. Wanachama wote wanadai kwamba Mwanamke wa Barakoa ni mama wa mwanamfalme. Mimi nasema ni shangazi yake. Mfalme alipofariki, mwanamke huyo aliingia bila kubisha, akaketi kichwani pa maiti, akatwaa vitambaa vya thamani, na mwanamfalme akainama. Kwetu Tonga, nani ana haki hiyo kama si dada wa marehemu?

Baba yako mdogo,
Semisi

Auckland
20 Juni

Baba mdogo, shikamoo. Pole na goti. Sisi wazima, ila baridi inatutafuna.

Nimewasomea wenzangu barua yako. Wamecheka mpaka chai ikawatoka puani. Mmoja kasema, "Mwambie mzee kitabu hakikuandikwa Tonga." Nisikufiche, sikukutetea. Kwenye msiba wa baba, shangazi Kalolaine alikaa vilevile, akaondoka na mikeka yote mizuri, mama kabaki kona na mkeka chakavu wa maombolezo kiunoni. Mtu kama huyo mimi namwita mwizi.

Iondoe tu, baba. Wanataka kukufuta uanachama.

Mwanao,
Meleane

Neiafu
9 Julai

Mpendwa Meleane,

Salamu. Goti linaendelea vyema.

Siiondoi. Kwamba kitabu hakikuandikwa Tonga, nakiri. Lakini mwandishi amemketisha mtu mahali, na mahali hapo mimi napajua.

Shangazi yako hakuiba. Mikeka ile niliibeba mimi kwa mikono yangu, nikaiweka mbele yake. Sitakueleza kama baadaye aliigawa au hakuigawa, maana ilikuwa yake.

Baba yako mdogo,
Semisi

Neiafu
18 Agosti

Kwa Katibu wa Chama.

Mpendwa Meleane,

Natumaini hujambo, kwani wiki tano zimepita bila jibu lako.

Nimearifiwa na shangazi yako kwamba ulimpigia simu, mkazungumza saa nzima. Hakunieleza mliyoyasema, nami sikumwuliza, kwetu dada hahojiwi na kaka yake. Hayo ni yenu.

Langu lingali mezani kwako. Chama kikitaka kunifuta, kinifute kwa jina langu kamili, lakini nadharia ibaki daftarini. Na endapo kitabu cha mwisho kitasema yule ni mama, nitamwandikia mwandishi kwamba amekosea.

Naomba uamuzi kabla ya tarehe mosi: inaandikwa, au haiandikwi?

Baba yako mdogo,
Semisi