Zamu Yangu Kule Mbele

Riyadh, 13 Januari 2024

Kaka Naftali,

Salamu nyingi. Mgongo wako unaendeleaje na hilo lori? Mimi mwili ni mzima, lakini moyo unachemka.

Madam wangu, Mwingereza, ana kikundi cha ngoma ya kijijini kwao. Wanaume na wanawake husimama mistari miwili wakitazamana. Jozi ya mbele hucheza ikishuka, za nyuma hupanda, mpaka kila jozi ifike mbele. Jana walipungukiwa, nikaitwa kutoka jikoni, na Julius, bawabu wetu, kutoka getini, tuwe jozi. Kodiani ilipolia, miguu yangu iliijua: mwomboko wa Baba kabisa, ngoma ya kwetu. Madam akawaambia wageni amenifundisha yeye. Hilo nikalimeza. Lakini zamu yetu ya mbele ilipofika, akasimamisha muziki: "Halas, inatosha, Serah. Chai."

Dadako Serah

Jeddah, 16 Januari

Dada Serah,

Nashukuru u mzima. Mgongo umetulia, na huku Balad, mji mkongwe, kazi ni nyingi.

Nimekasirika. Baba alituambia vijana wa zamani waliwachungulia Wazungu wakicheza, wakanunua kodiani, wakaongeza karing'aring'a, kile chuma cha duara kinachogongwa, ikawa ngoma yetu. Huo muziki una nyumba mbili, na wewe ni mtoto wa mojawapo. Lakini wenye ikama yako, kibali chako cha kukaa, ni waajiri wako. Tulia, pika chai.

Kaka yako Naftali

Riyadh, 20 Januari

Kaka,

Natumai wewe umelala. Mimi barua yako imeninyima usingizi. Kanisa lilimtenga Baba kwa sababu ya ngoma hiyo na hakuiacha, halafu unaniambia nipike chai?

Jana wameniita tena, na zamu yetu ilipofika, muziki ukakatwa tena. Nikasema, "Zamu yangu bado, madam." Nikaimba wimbo wa Baba, nikamshika Julius mkono, tukacheza kutoka mbele hadi mwisho. Mzee wao wa kodiani akaufuata wimbo. Madam amenuna, na kesho ananiita.

Dadako Serah

Jeddah, 4 Februari

Dada yangu,

U hali gani huko? Simu yako haipatikani. Julius ameniambia umerudishwa kwa wakala aliyekuleta, pale mtaa wa Olaya. Anasema Ijumaa walipungukiwa tena na jozi. Mzee akauliza Serah yuko wapi, kisha akaifunga kodiani yake akaenda nyumbani.

Naleta mzigo Riyadh Alhamisi. Usitie sahihi karatasi yoyote kabla sijafika. Tutaingia kwa huyo wakala pamoja, na wewe ndiye utakayetangulia.

Kaka yako Naftali