Waridi Namba Kumi na Saba na Kamera Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Nafunga mashina ya waridi ya sentimita sitini, kumi kumi, tangu saa moja asubuhi. Valentine imepita, kazi imepoa kidogo. Vidole bado vina miiba ya wiki ile.

Saa nne tukaitwa ofisini, mimi na Nyaboke. Tumefunga maua meza moja miaka tisa. Mnunuzi wa ng'ambo amelalamika. Anasema waridi namba kumi na saba alilopelekewa si lile aliloliona kwenye picha. Ni waridi jipya, halijapewa jina, linaitwa kwa namba tu. Kwenye picha ni jekundu. Kwenye boksi ni pinki iliyoiva, na ndani kuna rangi ya machungwa kwa mbali.

Ndivyo lilivyo! Picha ndiyo ya uongo. Ilipigwa na Kiptoo wa ofisi ya mauzo, kwa simu, chini ya zile taa ndefu za packhouse, jengo la kufungashia maua. Lakini barua ya onyo tumepewa sisi. Eti tumechanganya aina.

Sijawahi kuchanganya aina. Hata siku moja.

Jumanne, 4 Machi

Nyaboke amelia chooni. Mimi nimekataa kutia sahihi. Nimechukua shina moja la namba kumi na saba, nikaliweka mezani kwa Madam Atieno, meneja wetu wa packhouse, kando ya picha. Aliangalia muda mrefu. Akazifungia barua zetu mbili kwenye droo.

Alhamisi, 6 Machi

Kampuni itanunua kamera. Kutakuwa na chumba cha picha, na mtu mmoja wa kukisimamia. Duka moja la Nakuru litatuazima kamera mbili tuzijaribu, kisha tuchague moja. Wa kujaribu ni Kiptoo na mimi.

Mimi!

Kiptoo aliuliza mbele ya watu kama mathe wa kugredi anajua kamera. Nikamwambia miaka sita nilipiga picha za pasipoti na za harusi katika studio ya kaka yangu, Nakuru, kabla sijaolewa huku Naivasha. Hakujua. Hakuna aliyejua, maana hakuna aliyewahi kuniuliza.

Madam Atieno amesema atakayeandika ripoti ya maana ndiye atapewa chumba. Nakitaka. Naandika hapa kwa sababu sitamwambia mtu: nakitaka sana.

Ijumaa, 7 Machi

Zimefika. Zote mbili ni mirrorless, zile ambazo hazina kioo ndani. Unachokiona kwenye skrini ndicho utakachopata. Ya kaka yangu ilikuwa ya kioo, ikilia kwaa! kila ukibonyeza. Hizi zimenyamaza kabisa. Nilibonyeza mara tatu nikidhani sijapiga.

Moja kubwa, mpya, nzito kama tofali. Megapikseli nyingi ajabu. Kiptoo ameshaipenda. "Mathe, hii ndio mashine. Unaeza toa picha ya ukubwa wa ukuta."

Nikamuuliza ni nani hununua waridi kwa kuangalia ukuta.

Nyingine ni ndogo, ya miaka kadhaa nyuma. Skrini yake inafunguka na kugeuka, unaona hata ukipiga kutoka juu. Inakaa mkononi mwangu kama nimetengenezewa mimi. Mkono wa kulia una maumivu tangu nilipokuwa mkataji ndani ya greenhouse, mkasi siku nzima. Kubwa nikiishika dakika kumi, kifundo cha mkono kinawaka.

Jumatatu, 10 Machi

Siku yangu.

Saa tano, dirisha la kaskazini, mwanga laini. Namba kumi na saba, shina lile lile kwa kamera zote mbili. Kila moja nikaipimia weupe kwa kadi ya kijivu, rangi zisipotoke. Kiptoo alikuwa kwenye simu, akaniachia kazi.

Kubwa: petali zimekuwa kitu kimoja, kama zimepakwa rangi ya kucha. Mikunjo imepotea. Pinki imekimbilia wekundu, kosa lile lile la simu.

Ndogo: kila petali na ukingo wake. Vishipa vinaonekana.

Sikungoja ripoti. Chakula cha mchana, canteen imejaa, nikasimama na laptopu nikawaonyesha. "Kubwa inadanganya. Ndogo inasema ukweli." Wanawake wa meza zote walipiga makofi. Madam Atieno akaandika kwenye daftari lake. Kiptoo akaacha sahani yake nusu, akatoka.

Nimerudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara.

Jumanne, 11 Machi

Wananisalimia hata walinzi wa geti. Kiptoo haongei nami. Sawa tu.

Jumatano, 12 Machi

Nimekosea.

Nilikuwa naandika ripoti, nikataka kunakili mipangilio ya kamera zote mbili, mstari kwa mstari. Ndogo iko kwenye rangi za kawaida. Kubwa iko kwenye Vivid, pale ambapo kamera yenyewe hukoleza rangi. Labda aliyeiazima kabla yetu aliiacha hivyo. Mimi sikuangalia. Nilipima weupe, nilipima mwanga, hilo nikalipita. Katika studio ya kaka yangu nisingelipita.

Kwa hiyo kamera haikudanganya. Mimi ndiye niliyeiacha ikikoleza rangi, kisha nikaisema vibaya mbele ya canteen nzima.

Hakuna anayejua. Kiptoo hajafungua menyu hata mara moja. Ripoti ni Ijumaa, kamera zinarudi Nakuru wiki ijayo. Ningeweza kunyamaza na kupewa chumba.

Mchana nikampigia mume wangu, Macharia. Anachomelea mabomba ya mvuke Olkaria, hurudi Jumamosi. Nikamweleza yote. Akauliza, "Boksi likiwa limeshafungwa, na wewe umeona ua bovu ndani, unalifungua ama unaliacha liende?"

Nikamwambia betri inaisha. Haikuwa ikiisha.

Alhamisi, 13 Machi

Nimelifungua boksi.

Nilimwambia Kiptoo kwanza. Nilidhani atacheka. Akasema, "Hata mimi singeona." Halafu ndio akacheka.

Kwa Madam Atieno ilikuwa vigumu zaidi. Alinitazama juu ya miwani. "Unajua ulisimama pale canteen?"

"Najua. Nitasimama tena."

Nikasimama tena. Mahali pale pale, saa ile ile. Nikasema jaribio langu halikuwa la haki na litarudiwa. Hakuna aliyepiga makofi. Aibu, ndiyo. Lakini nilikuwa wima.

Ijumaa, 14 Machi

Tumerudia, sisi watatu. Mipangilio sawa kila mahali, Kiptoo akisoma, mimi nikigeuza, Madam akitia alama.

Sasa ukweli. Kubwa ni bora.

Si kwa megapikseli. Ni kwenye kivuli. Pale petali zinapokutana katikati ya ua, ile rangi ya machungwa ya namba kumi na saba, Kubwa inaishika. Ndogo inaipoteza, inaifanya kahawia kidogo. Na majani: Ndogo inayavuta kwenye buluu. Tofauti ni ndogo sana. Kiptoo alisema haoni. Madam naye alisema haoni vizuri. Mimi naona.

Nilitaka kutoona. Mkono wangu unaitaka Ndogo, na nilishasema Ndogo mbele ya watu. Nimeandika Kubwa. Nimeandika pia kwamba ni nzito, kwamba skrini yake haigeuki, kwamba itahitaji stendi imara. Kurasa tatu. Nikatia sahihi.

Kiptoo amefurahi, kamera yake imeshinda. Nadhani chumba pia atapewa yeye.

Jumanne, 18 Machi

Mkurugenzi alikuja mwenyewe. Mzee mfupi, koti la mvua, haongei sana. Alikuwa amesoma ripoti yangu. Akamuuliza Kiptoo kwa nini Kubwa. Kiptoo akasema megapikseli. Akaniuliza mimi. Nikasema, kivuli cha katikati ya ua.

"Wenzako wanasema hiyo tofauti haionekani."

"Inaonekana, mzee."

Alikuwa amejiandaa. Madam alitoa picha sita, zimechapishwa, hazina jina la kamera, mgongoni zimeandikwa kwa penseli. Tuseme kila moja imetoka kamera ipi.

Kiptoo alianza. Mbili sahihi.

Mimi nikaomba zipelekwe dirishani. Nikaomba pia ua lenyewe, shina bichi kutoka chumba cha baridi. Nikaliweka kando ya kila picha. Sikuharakisha. Hii ndiyo kazi yangu, miaka tisa nimeitwa mwepesi wa mkono, na hakuna aliyesema ni macho. Kubwa. Ndogo. Ndogo. Kubwa. Ndogo. Ya sita nikairudia mara mbili. Kubwa.

Mzee akazigeuza moja moja. Sita.

Hakupiga makofi. Alichukua lile ua, akaliingiza kwenye tundu la kifungo cha koti lake, akamwambia Madam nianze Jumatatu. Na barua zile mbili za droo zichanwe. Madam akazichana mbele yangu, ya Nyaboke kwanza.

Nilitoka nikasimama kando ya matenki ya maji. Nina miaka arobaini na sita. Sikumbuki kama niliwahi kujipenda hivi.

Jumamosi, 22 Machi

Macharia amekuja na stendi. Ameichomelea kwa mabaki ya mabomba, na mkono wa juu unaolala na kusimama kwa skrubu moja. Kifundo changu hakibebi kitu. Ni mbaya kutazama. Haitikisiki hata ukiipiga teke. Alinionyesha, akaumia kidole.

Jumatatu, 24 Machi

Chumba kina ukubwa wa stoo. Dirisha moja, la kaskazini, nililipigania. Meza, stendi, Kubwa. Kiptoo alileta orodha ya aina kumi na nne na akabaki mlangoni, akauliza kama anaweza kukaa aangalie. Nikampa kazi ya kushika kadi ya kijivu. Anaishika vizuri.

Namba kumi na saba tulilipiga la nne. Picha arobaini na moja. Nikabakiza moja.

Saa kumi, watu wakifungua aproni, nilipita na laptopu kwenye meza yetu ya zamani. Sikuwaambia ni ua gani. Niliigeuza skrini tu kwa Nyaboke. Alikuwa anafagia majani. Akainama, akafuta mkono kwenye sketi, akaugusa ukingo wa skrini kwa kidole kimoja.

"Hii ni ile kumi na saba tumefunga leo asubuhi," akasema.

Akaendelea kufagia.