Undokai ya Naomi na Vigelegele Vyangu

Jumamosi, mwezi wa sita. Jua zuri, upepo wa ubaridi kidogo. Mwenzenu bado nina aibu.

Leo ilikuwa undokai, yaani siku ya michezo, kwenye shule ya Kijapani anayosoma binti yangu Naomi kila Jumamosi. Kwa kawaida huenda na baba yake, Kenji. Mwaka huu kazi imemweka Osaka, ikabidi niende mimi, nesi wa Tabora ninayeishi ghorofa ya kumi na moja huku ughaibuni, mtaa wa Thorncliffe Park.

Niseme ukweli, shule hiyo naionea wivu. Kijapani wamempa. Mimi miaka minane nazungumza naye Kiswahili, anaelewa kila kitu, ananijibu Kiingereza. Inaniuma kuliko ninavyoonyesha.

Basi wiki nzima Kenji alinifundisha kwa simu. "Yoi, don!" ni tayari, anza. Tamaire ni kurusha vimpira kwenye kapu lililo juu ya mlingoti. Tsunahiki ni kuvuta kamba. "Ganbare!" ni kaza, jitahidi, na unampigia kila mtu, hata wa timu pinzani. Hasa wa mwisho. Akishamaliza ndipo unamwambia "yoku ganbatta", umejitahidi kweli.

Nikakariri huku nasonga ugali.

Asubuhi nilijiheshimu. Nilivua viatu pembeni ya mkeka kama kina mama wengine, nikapiga makofi ya taratibu. Ganbare huku, ganbare kule. Mama mmoja akanisifu, nikavimba kichwa.

Zikaja mbio za kupokezana vijiti. Naomi, kofia nyekundu, ndiye aliyekuwa mkimbiaji wa mwisho wa timu yao, na wenzake walishaachwa mbali. Akapokea kijiti, akaanguka. Akainuka, goti linavuja damu, akaendelea kukimbia huku analia.

Jamani, Kijapani chote kikayeyuka. Nikapiga vigelegele uwanja mzima ukageuka, nikachomoa kanga niliyokuwa nimeikalia, nikaingia uwanjani peku kumtunza mwanangu kama tunavyomtunza bi harusi kwetu. Nikamfunika mabega, nikamkumbatia.

Kumbe hajamaliza. Mstari ulikuwa hatua tatu mbele.

Mwalimu mwenye bendera kaduwaa. Nilitamani ardhi inimeze.

Naomi akanitazama, uso umeiva. Akanisogelea sikioni, akaninong'oneza kwa Kiswahili ili wale wote wasielewe:

"Mama, toka! Unanitia aibu!"

Akazimaliza zile hatua tatu na kanga yake mabegani, watu wote wakimpigia ganbare, hata wapinzani wa kofia nyeupe.

Miaka minane nasubiri anijibu kwa Kiswahili, kaja kunijibu kwa kunifukuza. Nimefurahi hadi chakula hakikupita.

Kesho Jumapili. Sijui kanisani nimtie aibu gani.