Laptop ya Kifaransa na Kiarabu

Mwaya, Kyela

Baba Jubilate,

Watoto wazima, mpunga umeanza kuchanua, na laptop nimeipokea kwa kondakta wa basi. Ndaga fijo, asante sana! Sasa niambie, pale dukani Kariakoo ulikuwa umefumba macho? Kila kitufe kina herufi za Kifaransa na za Kiarabu, A imekaa mahali pa Q, na namba haitoki mpaka nibonyeze vitufe viwili. Mitihani ya darasa la nne naandika kwa kupapasa. Nilipokupigia ulicheka, ukasema, "Utazoea," ukakata simu.

Neno hilo nalijua. Ulilisema pia baba yako alipopooza, ukaniachia nimwogeshe. Mimi, mkwe wake! Kwa mila zetu hata njiani sikutani naye. Nilikuwa nikisikia anakohoa, napita migombani. Leo namvua nguo. Yeye anageuza uso ukutani, mimi nafumba macho, namwosha kwa kupapasa vilevile. Wadogo zako wanasalimia mlangoni, wanaondoka.

Laptop yako nairudisha kwa basi hilohilo. Kaibadilishe, kaiuze, shauri yako.

Jana mzee aliniuliza unakuja lini. Nimechoka kukutungia uongo, nikampa neno lako lilelile: "Utazoea, baba."

Akageuka. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu uliponioa, akasema, "Mwambie asije kunizika."

Nimekwambia.

Emerensiana