Gitaa la Marehemu

Jumatatu, 3 Februari

Siku ya ishirini na tatu. Uji wa ulezi bila sukari, wifi Tatu kasahau. Kafagia uwanja, kaniletea maji ya kuoga, kisha kakaa mlangoni na tasbihi yake. Huyu ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu, Abasi. Kaja hapa Sofu, Kibaha, kutoka kwao Kibuta kunikalisha eda, miezi minne na siku kumi, na kasema haondoki hata siku moja kabla. Ananipenda, najua. Lakini hata nikipiga chafya anakuja kuchungulia.

Sitoki nje ya geti. Sijipaki manukato. Siongei na mwanamume asiye ndugu. Simu inapita kwake kwanza. Miaka thelathini na moja nimefundisha watoto wa watu kukaa na kunyamaza. Sasa ni zamu yangu.

Gitaa liko juu ya kabati, ndani ya mfuko wake. Sijaligusa tangu Abasi afariki. Nikilala chali naliona.

Alhamisi, 6 Februari

Sugu za vidole zinabanduka. Mimi ni mashoto, nyuzi za gitaa langu nimezifunga kinyume na za watu wote, kwa hiyo nabonyeza kwa mkono wa kulia na kupiga kwa kushoto. Sugu ziko kulia. Leo ya kidole cha pete imetoka yote. Chini yake ngozi laini, ya pinki, ya mtoto mchanga. Nimekasirika kwa ajili ya kipande cha ngozi kuliko nilivyowahi kukasirika tangu msiba.

Watu wanasema sijalia vya kutosha. Nimewasikia jikoni. Ni kweli, sijalia. Sijui kwa nini.

Jumamosi, 15 Februari

Sha'abani, arusi kila mtaa. Spika inapiga tangu saa nane mchana upande wa barabara kubwa. Mpiga besi wao anakimbia, anautangulia mdundo. Nimekaa kitandani, mguu unahesabu wenyewe, wifi akauona na kuufunika kwa shuka.

Mzee Kondo kapiga simu. Ndiye mkubwa wa kikundi chetu, ngoma na sauti. Tuko wanne, wote wastaafu, tunapiga kwenye arusi na mahafali, Sofu, Visiga, mpaka Mlandizi. Wifi kamjibu, yuko eda, kakata. Basi Kondo kamtuma jirani, Mama Pili, na ujumbe: kuna arusi Visiga tarehe ishirini na nne Mei. Nitakuwa nimetoka siku nne kabla. Nafasi yangu ananishikia mpaka siku hiyo. Nisipofika na gitaa langu anachukua kijana mwenye kinanda, maana kinanda kina magitaa yote ndani yake.

Magitaa yote. Pumbavu kabisa.

Ijumaa, 21 Februari

Arobaini. Hitima imesomwa, pilau imeliwa. Baadaye wanaume wakakaa mkekani uwanjani kugawa vitu vya marehemu. Mimi chumbani na wanawake, dirisha wazi. Nilikuwa nasikia kila kitu kikitajwa. Kanzu tatu. Kofia. Saa. Pikipiki kwa mpwa wake. Redio.

Kisha nikasikia: gitaa na mfuko wake, apewe Salumu.

Salumu ni mdogo wake Abasi, mkulima wa mihogo huko Kibuta. Mtoto wa ndugu yao akaingia chumbani, akaomba radhi, akapanda kiti, akalishusha juu ya kabati mbele ya macho yangu.

Jumamosi, 22 Februari

Niandike mara moja nimalize.

Nilipoolewa, miaka ishirini na sita iliyopita, tulikwenda Kibuta na gitaa kwenye mizigo. Mama mkwe, Mungu amrehemu, akauliza hili dude la nani. Mwali mpya, mwalimu, halafu mpiga gitaa kwenye sherehe za watu. Abasi akasema, la kwangu mama. Wala hakukonyeza.

Hakuwa anajua kupiga hata noti moja. Kwa hiyo kila tukienda Kibuta nalo, na ndugu wakisema tupigie basi Abasi, yeye alisema uzi umekatika. Na uzi ulikuwa umekatika kweli. Nilikuwa naukata mwenyewe kabla ya kufika, kwa kiwembe. Tulikuwa tunacheka njia nzima ya kurudi. Mama mkwe alipofariki tungeweza kusema. Hatukusema. Uongo ulishazoea kukaa.

Huku Kibaha kila mtu alijua mpigaji ni mimi. Yeye alikuwa mbebaji. Mfuko kifuani kwake juu ya pikipiki, mimi nyuma. Pikipiki ikifika mwisho wa njia, anaubeba begani. Nikipiga, anakaa pembeni na mfuko mtupu magotini mpaka mwisho.

Sasa niseme nini? Kwamba mtoto wenu aliwadanganya maisha yake yote, na kaburi lake bado bichi? Siwezi. Nisiposema gitaa limekwenda. Abasi, umeniweka pabaya. Nakukasirikia na hupo hata wa kujibu.

Jumapili, 2 Machi

Ramadhani imeandama. Kufunga ni rahisi. Nilishafungwa.

Jumatano, 12 Machi

Nabonyeza vidole kwenye meno ya kitana, sugu zisiishe kabisa. Kumi, kumi, kumi. Wifi kauliza nafanya nini, nikasema nahesabu dhikri. Mungu anisamehe, na mwezi wenyewe huu.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Salumu kampigia dada yake kutoa mkono wa Idi, sauti kubwa, nasikia yote. Gitaa kalitundika ukutani sebuleni, juu ya kochi. Wageni wote wa Idi kawaonyesha. Anaita gitaa la marehemu kaka. Kasema jioni akilitazama anamwona Abasi kakaa pale.

Nilikuwa na mpango wa kumwomba taratibu, niseme nalitaka kwa kumbukumbu. Sasa naye ana kumbukumbu yake. Sina pa kupita.

Jumapili, 13 Aprili

Salumu kapiga tena. Katamani kujifunza. Kalipeleka kwa fundi Kisarawe mjini, fundi kacheka, kasema gitaa hili limefungwa nyuzi kinyume, mwenyewe alikuwa mashoto? Salumu kamuuliza dada yake: hivi kaka alikuwa mashoto?

Wifi kasema, kaka hakuwa mashoto hata kidogo, mimi ndiye niliyemfundisha kushika kijiko.

Nilikuwa namenya mihogo. Kisu mkono wa kushoto, kama siku zote. Wifi alikata simu akanitazama mkono. Alitazama muda mrefu. Nikahamisha kisu kulia, nikajikata.

Jumatatu, 14 Aprili

Kanifunga kidole kitambaa. Hajasema kitu.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimeshindwa. Baada ya Alasiri nimemwambia yote, mama mkwe, wembe, nyuzi. Niliongea nikitazama sakafu. Nilitegemea atacheka, maana mimi na Abasi tulikuwa tunacheka.

Hakucheka. Kaniambia neno moja tu: "Mlikuwa mnatucheka."

Kisha kainuka kwenda kuteka maji.

Jumatatu, 21 Aprili

Siku ya tatu hatuongei. Maji ya kuoga analeta. Uji analeta, na sukari kazidisha, nadhani kwa hasira. Nyumba vyumba vitatu, wanawake wawili, na geti ambalo mmoja wetu haruhusiwi kulivuka na mwingine hataki.

Alivyosema ni kweli. Tulikuwa tunawacheka. Sikuwahi kuona hivyo mpaka aliposema.

Jumapili, 4 Mei

Mvua tangu alfajiri. Wifi kakaa kitandani kwangu bila kubisha. Kasema miaka yote hiyo alikuwa anamwonea kaka yake huruma, mtu anapenda gitaa namna ile na kila akija kwao uzi unakatika. Aliwahi hata kumnunulia uzi. Abasi aliupokea akashukuru.

Uzi huo naukumbuka. Niliufunga mimi.

Kasema pia, yeye hatamwambia Salumu. Nitasema mwenyewe, kwa mdomo wangu, na yeye atakaa pembeni yangu. Nikauliza nikikataa. Kasema basi libaki ukutani.

Jumanne, 20 Mei

Nimetoka. Wifi kaniogesha, kanivisha doti jipya, kanifukiza udi. Nimevuka geti mguu wa kulia. Nimesimama barabarani kama mgeni. Mama Pili kalia, mimi nimetazama lori la kokoto likipita mpaka likapotea.

Siku nne za kufika Visiga. Gitaa liko Kibuta.

Alhamisi, 22 Mei

Kibuta. Tumefika saa nne asubuhi, wifi na mimi. Salumu katupokea kwa adabu zote, shikamoo dada, shikamoo shemeji, chai, mihogo ya nazi. Mkewe kaja kukaa, na shangazi yao mzee. Gitaa pale juu ya kochi, mfuko umetundikwa kando yake.

Nikasema. Sikuzunguka. Gitaa ni langu, Abasi hakuwa anajua kupiga, alisema la kwake kunisitiri, na mimi nilinyamaza kwa sababu ilinifaa. Nikaomba radhi kwa kila mmoja.

Salumu hakunitazama. Alisema msiba umekuchosha, shemeji, kaka alikuwa mpigaji. Wifi akasema, mpe alishike. Akalishusha.

Nikaona yule fundi kazigeuza nyuzi. Kazifunga kama za watu wote. Mikononi mwangu lilikuwa gitaa la mgeni, nisingeweza kupiga hata salamu. Yaani ushahidi wangu wote kaufungua fundi wa Kisarawe na bisibisi yake.

Basi nikakaa mkekani. Nikalegeza uzi wa kwanza, nikautoa. Wa pili. Zote sita nikazilaza juu ya kanga kwa mpangilio wake. Kisha nikaanza kuzirudisha upande wangu. Hakuna aliyeondoka. Shangazi mzee alisogea karibu aone. Imenichukua karibu saa nzima. Uzi wa mwisho, ule mwembamba, naukaza, ukakatika.

Mimi mwenyewe nilidhani nimekwisha.

Salumu akauliza, huo nao umeukata? Nikasema hapana, huu wa kweli. Shangazi akaanza kucheka, wifi akafuata, mwisho Salumu naye, kajifunika uso kwa kofia, na chini ya kofia nadhani hakuwa anacheka tena.

Nikapiga na nyuzi tano. Nilipiga ule mdundo ambao Abasi alikuwa akiupigia mluzi kwenye pikipiki. Vibaya. Ngozi ya vidole imechanika mara moja. Salumu akasema mluzi ule anaujua, na akatazama msumari uliobaki wazi ukutani.

Kasema nilichukue. Kasema kwa sauti ya kawaida, lakini nimeona anavyolitazama. Nikaushusha mfuko, nikamwambia gitaa kaka yako hakuwahi kulipiga, ila huu mfuko, miaka ishirini na sita aliubeba yeye. Mkanda umechakaa pale begani kwake, jasho limeacha alama. Huu ndio wake. Akautundika tena ukutani, peke yake.

Gitaa nimelifunga ndani ya kanga. Wifi kabaki kwao. Kanishika mkono mpaka kituo cha bodaboda, na mkono wenyewe ni ule wa kushoto.

Jumapili, 25 Mei

Uji, nimepika mwenyewe. Uwanja nimefagia mwenyewe.

Jana arusi ya Visiga. Nimepiga wastani. Kondo kasema wimbo wa pili nilikuwa nyuma, na ni kweli. Kijana wa kinanda hakuitwa. Vidole vina malengelenge, sugu zitarudi.

Bodaboda iliniacha barabarani, njia ya ndani tope tupu. Kama dakika kumi kwa miguu hadi kwenye turubai. Nililikumbatia gitaa na kanga yake. Sijafika hata mbali, mkono ukafa ganzi. Nikalihamishia kushoto, nikalirudisha kulia. Nilipumzika mara mbili, mara ya pili kwenye benchi la duka, mwenye duka akaniletea maji bila kuombwa.

Sikuwa najua kwamba ni zito. Abasi hakuwahi kuniambia.

Leo asubuhi nimelia, kwa sauti, mpaka uji umepoa.